Mkono wa Kushoto wa Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kufunga kamba za viatu vya shule, Uzi aliweka vidole vyake juu ya mkono wa kushoto wa baba yake, karibu na kifundo. Uzi lilikuwa jina la utani. Baba yake, fundi cherehani, alimpachika jina hilo kwa sababu ya wembamba wake. Chini ya ngozi ya mkono ule kulikuwa na mtetemo, kama paka anayekoroma kwa raha.

Figo za fundi zilikuwa zimeacha kufanya kazi, kwa hiyo alikwenda hospitali mara kwa mara kusafishwa damu kwa mashine. Daktari aliunganisha mishipa ya mkono huo ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Nesi wa wodi ya mashine hizo, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, ndiye aliyemfundisha Uzi kuupapasa.

"Mtetemo ukiwepo, damu inapita," alimwambia. "Ukipotea, usingoje kesho. Nitafute."

Asubuhi hiyo haukuwepo. Uzi alipandisha vidole, akavishusha. Kimya.

"Baba, sisikii kitu."

"Vidole vyako vina baridi," fundi alisema, akilaza kitambaa chini ya sindano ya cherehani na kuanza kukanyaga.

"Nimevisugua."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Alisema kwamba jana alitundika mfuko mzito wa vitambaa kwenye mkono ule, akatembea nao kutoka dukani.

"Lakini nesi alikukataza."

"Najua. Ndiyo maana sitaki asikie. Watu wanasubiri sare zao. Kesho ni zamu yangu ya mashine, ataona mwenyewe. Na mama yako usimpigie simu kazini, utamtia presha bure. Tumeelewana?"

Uzi aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtoto wa kubishana na baba yake.

Njiani wenzake walimwita, hakuwasikia. Alipofika kwenye geti la shule alisimama, kisha akapitiliza hadi hospitali.

Alimkuta nesi akimpima uzito babu mmoja.

"Babu, figo zako hazitoi maji, na leo umebeba pipa zima."

"Nilionja tu, mwanangu."

"Kuonja gani huku kwa kuvimba miguu?" nesi alisema huku akimshika asiyumbe. Kisha akamwona Uzi na sare yake ya shule. Hakuuliza kwa nini hayuko darasani. "Mtetemo umepotea? Umepapasa wapi?" aliuliza.

Uzi alimwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe, machozi yakimlengalenga. "Baba alisema nisiseme."

"Sasa umeshasema. Kaa hapo."

Nesi alimpigia fundi simu. Hakumfokea. Alimwambia aache kila kitu aje, na asile chochote njiani, kwa kuwa huenda akafanyiwa upasuaji. Fundi alipofika, nesi aliweka kipimo cha kusikilizia juu ya mkono, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamwita daktari.

Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Daktari alifanikiwa kuuzibua. Jioni fundi alikuwa amelala kitandani, bandeji mkononi, uso kaugeuzia ukutani. Uzi alisimama mlangoni asijue kama aingie.

Nesi alivuta kiti kando ya kitanda. "Fundi, ungengoja kesho, huenda mkono huu usingefaa tena, na tungeanza kutafuta pengine pa kuingiza sindano. Mimi nakuona siku za mashine tu. Siku nyingine zote nawategemea wanaoishi nawe. Ukimziba mdomo mtoto, umeniziba macho mimi." Akamgeukia Uzi. "Nawe mwanangu, siri inayomuumiza mtu haitunzwi, hata akikuomba mwenyewe. Unamwambia mtu mzima anayeweza kusaidia."

Nesi alipotoka kuwahudumia wengine, Uzi alisogea kando ya kitanda.

"Uliniahidi," fundi alisema.

"Nisamehe, baba."

"Usiombe msamaha." Alijigeuza polepole. "Nimekulea unitii. Sikukufundisha ufanye nini siku nikikosea. Hilo umelijua mwenyewe, na mimi leo nimelijua kwako." Akanyoosha mkono wa kulia. "Nipe simu. Niwaambie wenye sare kwamba naumwa, watazipata wiki ijayo. Kisha tumpigie mama yako, nimweleze mwenyewe."