Njumu za Farasi wa Mama Hulda

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, Torborg alishinda kwenye karakana ya baba yake, Evald, mhunzi wa kijiji kilichokuwa kando ya ziwa. Alivuta mivukuto, akachochea mkaa, na kwa umri wake wa miaka kumi na mmoja alijiona fundi kamili.

Jumamosi hiyo walikuwa na njumu za kwato za Brunte, farasi wa Mama Hulda: vipande vidogo vya chuma vyenye ncha, vinavyokazwa chini ya kwato ili zishike barafu. Mama Hulda alikuwa mjane, na riziki yake yote ilikuwa kuvusha magogo ng'ambo ya ziwa lililoganda. Farasi asiye na njumu nzuri huanguka barafuni, na farasi akivunjika mguu hana dawa.

Baba alizifukia njumu katika sanduku la chuma lililojaa unga wa mkaa na mifupa iliyochomwa, akaziba kifuniko kwa udongo na kulisukuma motoni.

"Humu chuma kinakunywa mkaa taratibu," alisema. "Ngozi yake inakuwa ngumu, haisagiki upesi. Ndani kinabaki laini, hakikatiki. Sasa mimi naitwa shamba la juu. Sanduku libaki jekundu mpaka saa ya kukamua ng'ombe, kisha zimwage majini, uzipitishe tupa."

"Ikiteleza, tayari. Ikiuma, bado," Torborg alimalizia kwa maringo.

Baba hakuwa amefika mbali Gerd, rafiki wa Torborg, alipochungulia mlangoni, viatu vyake vya kuteleza barafuni vikining'inia shingoni.

"Wewe umeolewa na hilo tanuri? Twende, mzunguko mmoja tu."

"Baba ataniua."

"Kwani moto una miguu?"

Torborg akaenda. Mzunguko mmoja ukazaa mwingine, na aliporudi moto ulikuwa majivu na sanduku limekuwa jeusi. Alivuta mivukuto kama mwenye wazimu mpaka sanduku likawa jekundu tena, akazimwaga njumu majini. Alipopitisha tupa, iliuma na kuacha mkwaruzo mweupe. Alijaribu nyingine, ikawa vilevile. Basi akachukua mchanga, akasugua mpaka mikwaruzo yote ikafutika na njumu zikang'aa.

Mama Hulda alikuja kuzichukua kabla baba hajarudi. Katika karakana ile hakuna aliyepima mara ya pili. Aliyeshika tupa ndiye aliyetoa neno.

"Tupa imesemaje, binti?"

"Imeteleza, Mama Hulda," alijibu Torborg huku akitazama sakafu.

"Mtoto wa Evald akisema, mimi sina swali." Akampa andazi la iliki lenye joto bado, akaondoka.

Torborg hakuweza kulila. Wakati wa chakula cha jioni baba alisema, "Umenitoa kimasomaso, mwanangu," naye akaona uso ukimwaka kwa aibu mpaka masikioni. Alitamani baba amgombeze, lakini baba alimwongezea viazi.

Jumatatu asubuhi, akiwa njiani kwenda shule, alisikia kengele za Brunte zikiteremka kuelekea ziwani. Miguu yake ilianza kukimbia kabla hajaamua. Aliwakuta ukingoni kabisa, sleji ya kuburutwa juu ya barafu imejaa magogo.

"Mama Hulda, usimvushe! Tupa iliuma. Niliuacha moto nikaenda kucheza, halafu nikakudanganya."

Mama Hulda alivuta hatamu. Aliinua kwato ya Brunte. Barabara ile fupi ya mawe ilikuwa imeshazisaga njumu zikawa butu. Alimsugua farasi shingoni kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye niliye naye," alisema hatimaye. "Sina mwingine."

Torborg alilia kwa sauti, hakujali nani anamwona.

Walirudi pamoja hadi karakanani. Torborg alimsimulia baba yote, hata habari ya mchanga. Baba alivua kofia mbele ya Mama Hulda. "Nisamehe. Aibu hii ni yangu pia," alisema, na maneno hayo yalimchoma Torborg kuliko fimbo.

Siku nzima alikaa mbele ya moto wa sanduku jipya. Gerd na wenzake walipita wakicheka kuelekea ziwani, lakini hakuinua kichwa. Njumu zilipotoka majini alirudi nyuma, akidhani baba atazipima mwenyewe. Baba alimpa tupa. Iliteleza juu ya kila moja.

"Sikiliza, mwanangu," alisema baba. "Kuacha moto ni utoto, ningekugombeza yakaisha. Lakini njumu mbovu na njumu nzuri zinang'aa sawasawa. Anayekuja kwetu hawezi kuona ndani ya chuma, anachukua neno letu tu. Ukimpa neno la uongo, umemtuma barafuni bila kitu miguuni. Ukikosea, sema palepale, hata kama aibu inakutafuna."

"Nimesikia, baba."

Mama Hulda alizitia njumu mfukoni. Safari hii hapakuwa na andazi.

"Kesho alfajiri tunavuka," alimwambia Torborg. "Utatembea mbele, umeshika hatamu."

"Nitakuja," alijibu Torborg, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alimtazama usoni.