Sentimita Kumi na Nane

"Ishirini na moja," Inspekta alisema. Koplo akaandika.

Inspekta alikuwa amesimama ndani ya mto, suruali imekunjwa hadi magotini, mbele ya ubao wa kipimo. Ukingoni, chini ya turubai, ilikuwapo maiti ya msoma kipimo. Watu walimwita Sentimita, kwa kuwa hakuwahi kusema maji ni mengi wala machache. Alitaja namba tu. Daktari wa polisi alikwishamaliza kazi yake. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa mara tatu kwa chuma kizito, na kooni mlijaa tope. Alipokandamizwa matopeni alikuwa bado anapumua.

Ndani ya gari la polisi alilala muuza maji, taya limevunjika. Alikutwa amempakata maiti, shati limelowa damu, na umati ukamshukia kwa mawe na marungu. Sasa umati huo ulisimama darajani, gari lisipite, ukidai arudishwe wammalizie. Mbele yao alikuwa mwendesha pampu ya umwagiliaji, mume wa dada wa marehemu, akilia kuliko wote.

"Afande, damu ipo shatini," Koplo alisema. "Tunatafuta nini tena?"

"Ukimpakata mtu aliyepasuliwa kichwa, utatoka unanukia manukato?"



Daftari la marehemu liliokotwa juu ya jiwe. Jana jioni: ishirini na mbili. Leo, saa moja asubuhi: ishirini na mbili. Sheria ya kiangazi ilijulikana na kila mtu. Maji yakishuka chini ya ishirini, pampu zote hufungwa, la sivyo kisima cha zahanati ya bondeni hukauka.

Inspekta hakubishana na daftari. Alilipima. Kila aliposoma ubao, marehemu alikuwa akichomeka kijiti ukingoni, pale pale maji yalipokomea. Inspekta akavilinganisha vijiti hivyo na kurasa, kimoja kimoja, kwa kamba na pimamaji. Ishirini na nne, sawa. Ishirini na tatu, sawa. Ishirini na mbili ya jana jioni, sawa.

Kijiti cha mwisho hakikuwa nchi kavu. Kilikuwa ndani ya maji, kimechongwa upya, mti wake bado mweupe. Alipima mara mbili.

"Kumi na nane," alisema.

"Aliyechomeka kijiti ndani ya maji ni nani?" Koplo aliuliza.

"Hakuna. Alichomeka ukingoni. Maji ndiyo yaliyomfuata."

Wakangoja nusu saa. Ubao ukasoma ishirini na mbili. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitatu, na mto ulikuwa unapanda.

Inspekta akamwita mwendesha pampu kwenye kibanda cha pampu, hatua mia mbili juu ya mto kutoka kwenye kipimo.

"Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa, afande. Nipeni yule mbwa tu."

"Pampu ilizimwa lini?"

"Jana mchana. Mkanda umekatika."

"Haijawashwa tena?"

"Haijawashwa."

Inspekta akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa upesi. Kisha akamwelekeza Koplo kwenye ukuta ambapo zana zilitundikwa kwa ukubwa. Zote zilikuwa na grisi na vumbi, isipokuwa spana kubwa kuliko zote. Ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga ikang'aa.

"Shemeji yako alisoma kumi na nane," Inspekta alisema taratibu. "Nani aliandika ishirini na mbili?"

Mwendesha pampu akatazama mlango. Koplo alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilimwomba namba tu," alisema hatimaye. "Wiki mbili, vitunguu vitoke ardhini. Miaka miwili mfululizo kalamu yake ilinifungia pampu. Wanangu walilala njaa, na huyo ni mjomba wao."

"Akajibuje?"

"Alicheka. Akasema mto hauna shemeji."

"Ndipo ukampiga."

"Nikampiga. Akapiga magoti. Nikamwambia, sema sasa, ni ngapi? Mdomo umejaa damu, akasema, 'Ni kumi na nane, shemeji.' Nikampiga tena. Akasema tena. Nikampiga ya tatu, na midomo ilikuwa bado inatikisika. Nikamzamisha uso kwenye tope mpaka akaacha kuhesabu."

Aliandika ishirini na mbili daftarini, kisha akazima pampu kwa woga, ionekane haikuwa ikifanya kazi. Hakufikiri kwamba mto ungejaa nyuma yake. Muuza maji alipofika na kumwinua marehemu, yeye alitoka vichakani akapiga ukelele, 'Mwuaji!' na jiwe la kwanza akalitupa mwenyewe.

Wakamfunga pingu. Alipopitishwa darajani hakuna aliyedai apewe. Watu waliangalia miguu yao, kisha wakaanza kutawanyika, mmoja huku, wawili kule. Mwanamke mmoja, dada wa marehemu, alibaki akimkodolea macho mumewe, na Inspekta akamwomba Koplo amtafutie mahali pa kukaa.

Dereva aliliondoa gari kwenda hospitali. Muuza maji alikuwa anatema damu na hakuweza kutaja hata mmoja wa waliompiga.

Inspekta akafungua jalada la pili: kumjeruhi muuza maji.

"Walikuwa kama arobaini, afande."

"Najua."

Akaandika moja, na mbele yake: mwendesha pampu. Chini yake akaandika mbili, tatu, nne, hadi arobaini, kila mstari mtupu.

"Hawa tunaanza nao kesho," alisema, akafunika kalamu.

Ng'ambo ya pili, watu wa darajani walikuwa wanashuka mtoni kunawa mikono.