Zamu ya Marehemu Kweyu

Dirisha la dawa lilijifungua lenyewe saa saba mchana, ikatoka harufu ya karafuu. Vivian hakushtuka tena. Aliajiriwa kufagia ile hospitali ndogo ya Makongeni, lakini tangu mfamasia Kweyu, mtafuna karafuu, afariki, yeye ndiye aliyegawa dawa. Leseni ya Kweyu iliachwa ukutani ili wakaguzi wakija waone msomi yupo.

"Bosi, ajiri mfamasia," alimwambia Mulama, mwenye hospitali, kwa mara ya nane. "Jana nilimpimia mtoto wa Adhiambo dawa ya mtu mzima. Kama hicho kitu cha dirishani kisingenishika mkono, leo tungekuwa matangani."

"Daktari ameandika. Wewe hujui kusoma?"

"Kusoma najua. Dawa ndiyo sijui."

Nyuma ya rafu vidonge vilianza kuhesabiwa, tano tano, kama alivyohesabu Kweyu. Kisha sauti, chini kabisa: "Nani anapokea zamu?"

Kweyu hakuwahi kwenda nyumbani kabla mwenye leseni mwenzake hajatia sahihi ya kupokea zamu kwenye daftari la dawa kali zinazofungiwa kwa kufuli. Siku aliyoanguka akafa kazini hakukuwa na wa kupokea.

Mulama, badala ya mfamasia, alileta mhubiri na chupa ya mafuta.

"Jini, toka."

"Nitatoka. Una leseni?"

Mhubiri alikumbuka ana ibada Kariobangi.

"Tia sahihi wewe," Mulama akamnong'oneza Vivian.

"Sitii. Mimi ni wa ufagio."

Foleni nje ilikuwa ikinung'unika, na Mulama, aliyezoea kuamini kwamba karatasi yoyote ikishawekwa sahihi maneno yamekwisha, akanyakua kalamu na kuandika jina lake daftarini, na hapo koti jeupe lililotundikwa mlangoni likajaa mabega, likashuka, likamkumbatia kutoka nyuma taratibu kama mtu anayemvisha mtoto, mikono yake ikapita ndani ya mikono ya koti, na funguo zikaanguka kiganjani mwake zikiwa baridi kama zimetoka mochari.

Harufu ikakatika.

Saa kumi na mbili Vivian alisema, "Bosi, tufunge."

Mulama hakuinua kichwa. Alikuwa akihesabu, tano tano.

Siku ya tatu mkewe alikuja kumvuta. Miguu ya Mulama haikung'oka.

"Vivian," Mulama alisema, na pumzi yake ilinuka karafuu, "niajirie mfamasia."

"Kwa sahihi ya nani, bosi? Yako imeshapokea zamu." Vivian akachukua ufagio wake.