Kartoni Ndani ya Mlango

Kila Jumamosi, baada ya kusugua sufuria za mama, Jemima alikwenda gereji ya mtaa wa Kimemi kumsaidia baba yake, fundi Kasika, ambaye hunyoosha na kupaka rangi magari yaliyogongwa. Jumamosi moja alipewa mlango wa nyuma wa teksi ya Hamisi, mteja wao. Alitakiwa kukwangua kutu, kupaka masitiki, ule mpako mzito unaojaza mabonde ya bati, kisha kuusugua kwa msasa mpaka uwe laini.

"Ukikuta tundu, hapana gusa," baba alimwambia akienda kununua rangi. "Uniachie, nitachomelea bati mupya."

"Ndiyo, papa. Utakuta nimeisha kumaliza!"

Kujigamba huko ndiko kulikomponza. Alipokwangua karibu na bawaba, kutu ilibomoka na kidole chake kikazama ndani. Tundu! Akimngoja baba, ataonekana hajamaliza kitu. Basi akakunja kipande cha kartoni, akakisokomeza humo na kukifunika kwa masitiki. Ilipokauka akasugua, akasugua tena, mlango ukapendeza.

"Haukukuta tundu?" baba aliuliza aliporudi.

"Hapana, papa."

"Mutoto yangu, mukono yako iko na ufundi kupita yangu!" Akapaka rangi.

Sifa ile haikumfurahisha hata kidogo. Jioni ugali ulimshinda.

Kesho yake, walipotoka misa, walimkuta Hamisi akiwangoja gerejini achukue teksi yake. Alikuwa anampeleka binti yake mdogo, Kahindo, kwa bibi yake huko Kasindi. Kahindo akapanda nyuma, akaegemea mlango uleule na kumpungia Jemima mkono.

Jemima aliogopa. Aliiwaza barabara ya Kasindi na mashimo yake, akauona mlango ukichomoka pamoja na mtoto. Akisema, baba ataaibika mbele ya mteja. Akinyamaza je? Gari likawaka, likaanza kuondoka. Jemima akakimbia mbele yake.

"Papa Hamisi, simama! Simama! Nilidanganya! Kuko tundu, Kahindo ataanguka!"

Hamisi akafunga breki. Baba alimtoa Kahindo kwa mlango wa upande wa pili, akaufungua ule mlango na kuukandamiza kidogo tu. Masitiki ikapasuka, kartoni ikachungulia, na mlango ukaning'inia kwa bawaba moja.

"Ya Rabi, mutoto wangu!" Hamisi alisema, akamkumbatia binti yake kwa nguvu.

Jemima alilia, akingoja kofi. Kofi halikuja. Baba alimgeukia Hamisi kwanza.

"Papa Hamisi, unisamehe. Kosa iko yangu pia," alisema. Kisha akamgeukia Jemima. "Siku zote, mbele ya kupaka rangi, ninagonga mulango na vidole, nisikie kama iko bati ao masitiki tupu. Jana sikugonga. Unajua sababu gani?"

Jemima akatikisa kichwa.

"Sababu ulisema hapana. Masitiki iko ya kulainisha, haiko ya kuficha. Fundi mwenye kudanganya anaweza kuua batu bila kubagusa. Leo umeogopa, lakini umesema ukweli mbele gari haijaenda, na huyu mutoto amepona. Sasa, gonga milango yote ya hii gari, moja moja, na uniambie unasikia nini."

"Na wewe utagonga nyuma yangu, papa?"

"Hapana," baba alijibu. "Nitakuamini."