Deka na Desi

Kila asubuhi kabla ya gwaride, Makandi alimwagilia miche ya sukuma wiki katika shule yao huko Nchiru. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu muhula uanze, naye aliionea fahari.

Siku moja Mwalimu Gladwell aliandika ubaoni: "Kifuniko kimoja cha mbolea kwa dekalita moja ya maji." Akamwambia Makandi asome.

"Kwa ndekalita moja," Makandi akasoma. Darasa zima likacheka.

Hamda, msichana aliyehamia hapo kutoka Maua, akasoma bila kukwama: "Dekalita." Mwalimu akamsifu, kisha akamkabidhi chupa ya mbolea. "Leo jioni utaitia wewe. Makandi atakusaidia."

Mchana Makandi alishindwa kula hata githeri yake ya mahindi na maharagwe.

Jioni, wakiwa kwenye kitalu, Hamda alimgeukia. "Makandi, dekalita ni maji kiasi gani?"

Makandi alijua. Deka ni kumi, kwa hivyo dekalita ni lita kumi. "Si wewe ndiye unayejua?" akajibu, akatazama kando.

Hamda akakumbuka desilita, sehemu ya kumi ya lita, akadhani ndiyo hiyo. Akachota maji yasiyojaza kikombe, akatia kifuniko cha mbolea, akaimwagia miche. Alirudia hivyo mpaka tuta likaisha. Makandi alitazama tu.

Asubuhi majani yalikuwa yameungua kwa ukali wa mbolea, na miche mingine imelala chini. Wanafunzi walinong'ona huku Hamda akilia. Makandi alikuwa ameitamani aibu hiyo impate mwenzake, lakini sasa haikumfurahisha hata kidogo.

"Mwalimu, aliniuliza," akasema kwa sauti ndogo. "Nilijua, nikamnyima. Nilimwonea wivu."

Mwalimu akainama, akaupapasa udongo. "Leteni maji mengi tuoshe udongo. Miche itakayokufa mtapanda upya, ninyi wawili."

Walipokuwa wakichota maji, Makandi alimweleza Hamda tofauti ya deka na desi. Hamda naye akamwonyesha mahali pa kuweka ulimi ili atamke "de" bila "n". Hakuna aliyemcheka mwenzake.

"Hamda," Mwalimu alisema walipomaliza, "kutamka neno si kulijua. Usipoelewa, njoo uniulize. Nawe Makandi, ulitaka kumchoma mtu mmoja, ukachoma mboga za shule nzima. Wivu haujui kipimo."