Kadi za Nkoaranga

"Usimuue!"

Rodrick aliganda, mkono hewani. Mbawakawa mweusi alikuwa akitembea juu ya lundo lake la mashati ya mitumba, katikati ya soko la Kilombero. Msichana mwenye gauni la kitenge cha kijani alimfunika kwa kichupa.

"Dada, unanunua shati au mdudu?"

"Mdudu. Shati lina doa."

Ndivyo alivyomfahamu Agnela wa Kijenge, mwanafunzi wa shahada ya pili. Kufikia Machi 1995 walikuwa wapenzi, na Agnela alikuwa na shida moja. Alikuwa akichunguza mbawakawa wa juu ya Mlima Meru asiyeweza tena kuruka. Ili ajue uwezo huo ulipoteaje, alihitaji spishi ya kulinganisha: ndugu wa karibu anayeruka bado. Mbawakawa wa maziwa ya Momela, mkubwa na mzuri, alikuwa ndugu wa mbali, na msimamizi wa utafiti wake alimkataa. Bila mwingine kufikia Ijumaa, utafiti ungefutwa.

"Nimewaona wanaofanana naye, wanaoruka, shambani kwetu Nkoaranga," Rodrick alisema kwenye simu.

"Kila mmoja na kadi yake: mahali, tarehe. Bila hivyo ni takataka."

"Sawa, mwalimu wangu."

Jumatano alileta vichupa kumi na viwili vya spiriti, kila kimoja na mdudu na kadi ndani. Kadi zote zilikuwa tupu.

"Umenidanganya."

"Niliandika, Agnela! Zote!"

"Maandishi yako wapi?"

Rodrick alizitazama, akavaa kofia, akaondoka.

Agnela hakulia. Alikausha kadi moja, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Peni ilikuwa imeacha mikwaruzo: *Ukingo wa msitu. Chini ya gogo. Machi 14.* Spiriti hufuta wino, haifuti penseli. Alilijua hilo kwa miaka minne, na hakumwambia Rodrick.

Alisoma kadi kumi na moja. Ya kumi na mbili haikusomeka. Akamtupa mdudu wake. Waliobaki walikuwa na mabawa kamili, na walitosha.

Akapiga simu duka la Levolosi, jirani na chumba cha Rodrick, akaomba aitwe.

"Kosa ni langu. Sikukuambia penseli."

"Rudia."

"Kosa ni langu, mpenzi."

"Rudia hapo mwisho."

Ijumaa msimamizi aliikubali spishi. Jumamosi Rodrick alifika Kijenge na shati jeupe lililonyooshwa, mkononi kichupa cha spiriti kisicho na mdudu. Ndani kulikuwa na kadi: *Kijenge. Machi 18. Nilete wazee kwenu?*

Agnela alikitikisa kichupa kwa nguvu, akakiweka mezani, akasubiri dakika tano nzima. Maandishi hayakufutika.

"Walete," alisema.