Ufa Kwenye Bledi Nyembamba

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali. Upepo mkavu ulipuliza tangu alfajiri, na umande ulikuwa umeganda juu ya mabati ya nyumba za Malangali. Kama kila Jumamosi, Kalista alifagia karakana ya baba yake na kunyunyiza maji sakafuni ili vumbi la mbao lisipae. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa kawaida aliimba akifanya kazi hizo, lakini leo alikuwa kimya, macho yake ukutani.

Hapo ukutani zilitundikwa bledi, yaani mikanda ya chuma yenye meno inayozungushwa na mashine ya msumeno. Baba yake, fundi Urbano, alikuwa amemfundisha kazi ya kila moja. Bledi pana yenye meno makubwa machache ni ya kupasua mbao nene kwa mkato ulionyooka, kwa sababu nafasi kati ya meno hutoa unga mwingi wa mbao. Bledi nyembamba ni ya kukata pinde, maana hugeuka kwa urahisi. Ile yenye meno madogo mengi ni ya mbao nyembamba, ili kingo zisichanike. Kalista alijua hayo yote, na ndiyo maana moyo ulimuuma.

Jana yake baba alikwenda Namanyere kuchagua mbao, akarudi usiku. Aliacha maagizo kwamba Nestory, kijana aliyejifunza ufundi hapo, apasue ubao mnene wa mkaratusi, na Kalista amtolee bledi pana. Lakini bledi hiyo ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa kamba, na ikifunguliwa hufyatuka kama mtego. Iliwahi kumchapa Kalista mkono. Aliogopa kuigusa. Akachukua nyembamba na kumwambia Nestory kwamba baba ameagiza hiyo.

Nestory alisita kidogo, kisha akacheka, akasema binti wa fundi hawezi kukosea. Haukupita muda bledi ikapata moto na kuanza kuyumba ndani ya ubao. Harufu ya kuungua ikajaa karakana, na ubao ukatoka na tumbo kama mtungi wa pombe ya ulezi. Nestory aliuficha nyuma ya rundo la magome. Alipoondoka, Kalista aliifuta bledi, na hapo akaona ufa mwembamba kama unywele chini ya jino moja. Aliitundika mahali pake bila kumwambia mtu.

Sasa alikuja Mama Rozina, mkunga mstaafu, kufuatilia kazi yake kwa fundi. Alikuwa ameagiza kiti chenye mgongo uliopinda, kwa kuwa kiuno kilimsumbua. Kalista alimwamkia shikamoo, akampa kigoda.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie baba yako kiuno hiki kimevumilia tangu Pasaka. Leo asinitajie habari za umeme."

Kwa kweli umeme ulikuwa umekatika. Fundi Urbano aliingia pamoja na Nestory, akachukua bledi nyembamba, akaipitishia vidole harakaharaka katika giza la karakana, akaifunga kwenye mashine na kuikaza. Kisha, kama alivyofanya kila siku, aliweka kiganja juu ya meza ya mashine na kumwomba Mungu ailinde mikono ya wote waliokuwamo. Nestory alisema amina. Kalista alifungua kinywa, sauti isitoke.

"Vipi, umemeza gundi?" Nestory alimtania kwa sauti ya chini. Yeye alijua habari ya ubao tu. Ufa hakuujua.

Kalista alitazama vidole vya baba, vilivyokuwa vikipima mgongo wa kiti karibu kabisa na meno ya bledi. Aliwaza ile bledi ikikatika huku ikizunguka. Akisema, baba atamwona mwongo mbele ya mgeni. Asiposema, je? Moyoni aliomba umeme usirudi. Aliomba hivyo mara nyingi, na kila mara aliona kwamba hilo si ombi la kweli.

Taa ikawaka. Mama Rozina akashukuru. Baba akasogeza kidole kwenye swichi.

"Baba, usiwashe," Kalista alisema. "Bledi ina ufa. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Akaeleza yote, machozi yakimtoka.  Baba aliifungua bledi, akaipeleka mlangoni penye mwanga na kuipinda kidogo pale penye ufa. Ikakatika mikononi mwake kama bua kavu la mahindi.  Ndipo Nestory, kichwa chini, alipokwenda kuutoa ule ubao wenye tumbo.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unaiogopa bledi pana?" baba aliuliza.

"Niliona aibu, baba. Mtoto wa fundi kuogopa bledi."

"Mimi mwenyewe naiogopa, ndiyo maana bado nina vidole kumi. Nilikosea kukutuma bila kukufundisha namna ya kuifungua. Leo nami nimeikagua bledi gizani kwa sababu ya haraka. Lakini kosa la kuchagua bledi lilituharibia ubao tu. Kulificha kungeweza kuniharibia mkono."

Alichukua bledi nyingine, iliyo pana kidogo kuliko ile iliyokatika. Kwa kuwa haikuweza kugeuka kwenye kona kali, alikata kwanza mikato midogo kutoka ukingoni hadi karibu na mstari aliouchora, ili vipande viachie kimoja kimoja na bledi ipate nafasi. Kazi ilikwenda polepole, lakini adhuhuri Mama Rozina aliketi kwenye kiti chake, akaegemea na kufumba macho. Kisha baba alimvika Kalista glavu na kumwonyesha namna ya kuikunjua bledi pana: uso pembeni, mikono yote miwili imeshika, watu wote mbali. Nestory aliifunga mashineni, akaunyoosha ule ubao wa mkaratusi.

"Mwanangu," baba alisema, "fundi hujulikana kwa kusema mapema, kabla chuma hakijazunguka. Hospitali hushona jeraha, lakini vidole vilivyokatika havioti tena."

Kalista alivua glavu, akasimama katikati yao.

"Mbele ya Mungu, na mbele yako baba, na Mama Rozina, na kaka Nestory, naahidi. Nikiogopa kazi nitasema naogopa. Nikiharibu kitu nitasema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajakigusa."

"Nimesikia," alisema Mama Rozina kutoka kitini.